Kwa wenye wazazi mlimani na wenyewe wako mbali

Ukiwauliza watu wa kwetu Uru, huku juu ya Moshi, kwa nini mila zinapungua, watakutajia simu, runinga, ulokole na watoto wa siku hizi. Mimi nilirudi kuishi huko baada ya kumaliza utumishi wangu Dar es Salaam. Nikamuuguza baba mpaka Mungu alipomchukua, kisha nikaachiwa mirathi mkononi. Kwa niliyoyaona, sababu kubwa ni kwamba watu hawapo. Mambo mengi tunayoyaita mila za Kichagga yalitegemea mikono mingi iliyokaa karibu: ya kuzibua mfongo (mfereji wa maji ya shambani), ya kukata majani ya ng'ombe, ya kuchimba kaburi, ya kukaa kikao bila kutumiwa nauli. Mikono ikiondoka, mila inaendelea kwa muda, ila inaendeshwa kwa pesa, na inabebwa na watu ambao hukuwatarajia kabisa. Kama una baba au mama mlimani na wewe uko Mwanza, Dubai au Minnesota, huenda yaliyotupata sisi yakakuokolea pesa kidogo na machozi kidogo.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika mkoa wa Kilimanjaro. Ya 2022 ikakuta 1,861,934. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa ikikua kwa asilimia 3.2. Mkoa wetu pia ni miongoni mwa ile yenye uzazi mdogo na wazee wengi. Kijijini huhitaji karatasi ya sensa kuliona hilo. Shule ya msingi niliyosoma tulikuwa tunabanana watatu watatu kwenye dawati, wengine chini. Leo mtoto anajinyoosha peke yake, na walimu wana wasiwasi shule isije ikaunganishwa na ya kijiji cha pili. Njiani unapita nyumba za matofali zenye bati la rangi na geti la chuma, pazia zimefungwa, na anayeishi humo ni mlinzi tu na mbwa wake.

Watu hupenda kusema vijana wamekimbia. Mimi nasema tulipelekwa, na aliyetupeleka ni kahawa. Wamisionari wa Kilema, hapa hapa mlimani, waliipanda mwishoni mwa karne ya 19. Kufika 1925 wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao, KNPA, na 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika. Pesa ya kahawa ililipa ada, ikajenga shule, ikanunua sare na masanduku ya bweni. Mtoto akifaulu anaenda sekondari mbali, kisha chuo, kisha kazi. Hakuna aliyetegemea arudi kupogoa mikahawa. Wakati huohuo vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, vilikuwa vinagawanywa kila kizazi, mpaka kingi ukikipima leo hakifiki ekari 2. Desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe kihamba chake, wa mwisho abaki kwenye mji wa wazazi, na wa katikati wajitafutie. Zamani wa katikati walijitafutia juu zaidi au chini zaidi ya mlima, palipokuwa bado na nafasi. Nafasi ilipokwisha, wakajitafutia Kariakoo. Halafu mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Dawa za magonjwa ya mikahawa, chulebuni na kutu ya majani, zikawa za kununua kwa pesa taslimu. Baba aliendelea na mikahawa yake kwa ubishi tu. Nadhani aliona kuing'oa ni kumtukana babu.

Kwetu tumezaliwa sita. Kitindamimba, ambaye kwa desturi ndiye wa kukaa na wazazi, yuko Canada. Yaani yule ambaye mila ilimtaka awe karibu kuliko wote ndiye yuko mbali kuliko wote, na kwa miaka kadhaa familia nzima ilikuwa inasema "akirudi atapanga mambo." Hakuna aliyemuuliza kama anarudi. Alipokuja kuulizwa mwishowe, alishangaa. Alidhani sisi tulio Tanzania ndio tunaopanga. Kama kuna familia inasubiri mtu wa namna hiyo, mpigieni leo mumuulize, tena kwa maneno ya wazi: utakuja kuishi hapa au hutakuja?

Sasa suala la kumtunza mzee kwa mbali. Mama alitangulia, baba akabaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, na kila mwisho wa mwezi tulimtumia pesa kwenye simu. Hatukukosa hata mara moja. Ukimpigia anakwambia, "Niko salama, nyie mnaendeleaje huko?" Baba alikuwa mwanaume wa Kichagga aliyezaliwa zamani kabla ya Uhuru, hajawahi kubandika sufuria jikoni. Pesa alikuwa anazitoa kwa wakala, anaziweka kwenye kopo chini ya kitanda, kisha anakula ndizi za kuchemsha mara moja kwa siku, zile alizopelekewa na jirani. Aliyetushtua ni mama mmoja mwenye genge pale njiapanda. Alimpigia dada yangu akamwambia, "Dada, mzee wenu suruali zinamdondoka."

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu: mzazi wako usimuulize hali. Muulize jana usiku alikula nini na nani alipika. Kama jibu linachelewa, umeshajibiwa. Tafuta mtu mmoja anayemwona kwa macho kila siku, mwenye genge au mwenyekiti wa kitongoji au mama wa jumuiya, umtumie vocha na shukrani, umpe na namba za watoto wawili, kwa sababu mmoja simu yake itakuwa imezimwa siku yenyewe. Piga picha kadi yake ya kliniki na majina ya dawa anazomeza. Sukari, mchele na mafuta mlipie moja kwa moja mwenye duka. Pesa mkononi mwa mzee wa kizazi kile ni sadaka ya kanisani na karo ya mtoto wa jirani. Chakula hanunui.

Tulijaribu wasichana wa kazi. Wa kwanza alikaa mpaka Pasaka akasema mlimani kuna baridi na hakuna mtu wa kuongea naye. Wa pili aliolewa. Kijijini penyewe hupati wa kuajiri. Wasichana wa kwetu wako mjini, na wavulana wachache waliobaki wanaendesha bodaboda au wanachoma mkaa wa kujificha, na kukata majani ya ng'ombe wa mtu mwingine kwao ni aibu. Mwishowe akaja kijana kutoka Singida, Mnyaturu, aliyeletwa na mwenzake anayefanya kazi kwa jirani. Ukipita vihamba vya kwetu asubuhi utakutana na wengi kama yeye, wa Singida, wa Dodoma, wengine wa Kigoma, na mzigo wa majani kichwani. Tulimlipa shilingi 100,000 kwa mwezi, chakula na chumba. Kwa kazi aliyofanya ilikuwa ndogo, na nilipohamia huko niliipandisha kabla sijafungua masanduku.

Huyu kijana ndiye aliyenifundisha jambo kuhusu kwetu. Siku moja nilikuwa nafua nyuma ya nyumba nikawasikia kwenye migomba. Baba amekaa kwenye kigoda, anaonyesha kwa fimbo: huu ni mama, huu binti, huu mjukuu, vichipukizi vingine vyote toa. Anasema kwa Kiuru, taratibu. Kijana anakata kwa panga, anaitika "Ee, meku." Akakosea, akakata binti. Baba akamtukana tusi ambalo sikulisikia tangu babu afe, na kijana akacheka, akamjibu kwa Kiuru hichohicho. Desemba wajukuu walipokuja kutoka Dar, wamekaa sebuleni na vishikwambi vyao, baba akawaambia kitu. Wakatazamana. Mmoja akageuka kwa kijana akamuuliza, "Babu anasemaje?" Akawatafsiria. Mnyaturu anawatafsiria Wachagga maneno ya babu yao. Kaka yangu alicheka mpaka akatoka nje, na alipokaa muda huko nje nilijua hacheki tena.

Desemba yenyewe niizungumzie kidogo. Kila mtu anajua tunavyorudi. Nauli za basi zinapanda, magari binafsi yanafuatana kuanzia Chalinze, na tangu treni ya Dar hadi Moshi ilivyorejeshwa Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, ile nayo inajaa. Kwa wiki mbili mlima unarudi kuwa kama wa utotoni mwangu. Kuna ndafu, kuna kwaya, kuna foleni ya magari kwenye barabara ya vumbi. Baba alikuwa akisema watu wa Desemba wanakuja kukagua makaburi. Tarehe 26 kila familia inafanya kikao cha ukoo, na hapo ndipo mambo ya ardhi yanapoharibika. Watu wana siku nne za likizo. Wengine wamekunywa tangu asubuhi. Kuna shemeji ambaye anatazama gari la shemeji mwingine. Na wale wanaoishi pale mwaka mzima, wanaojua mpaka uko wapi na nani anadaiwa mchango wa maji, wako jikoni wanapika au wako zizini.

Sisi tulikihamisha kikao mwaka baba alipoanza kudhoofika. Kikao cha mali kinafanyika wiki ya baada ya Pasaka au mwezi wa sita, na asiyeweza kufika anaingia kwa simu. Desemba ni ya kula na kusali. Walikuja wachache kuliko wa Desemba, na kikao kikamalizika kwa nusu siku, muhtasari umeandikwa, umesainiwa. Jambo jingine lililosaidia ni kwamba baba alikuwa hai. Alisema mwenyewe nani anapewa nini, wakubwa wa ukoo wakasikia, nikaandika. Wengi wanaogopa kumuuliza mzee mambo haya, wanaona ni kumtakia kifo. Baba alipoulizwa alisema, "Nilikuwa nawasubiri."

Bado mazishi yalituelemea. Nilipokuwa mtoto, mtu akifa vijana wa kitongoji wanakuja na majembe bila kuitwa. Ukiwapa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na nyama, mmemalizana. Safari hii wa kuchimba tuliwatafuta kwenye kijiwe cha bodaboda na kuwalipa. Saruji ya kaburi tukalipa, viti na maturubai tukakodi, wapishi tukaleta kutoka mjini, kwa sababu wanawake wa kupika waliobaki ni wa umri wangu na magoti yao ni kama yangu. Jumla ilipita shilingi milioni 9, na hapo hatukusafirisha mwili. Wanaotoka Dar na jeneza wanaongeza gari juu yake. Mbege yenyewe ilibidi kuagizwa kwa bibi mmoja, karibu wa mwisho upande wetu anayejua kupika ya sherehe kubwa, na alitaka aambiwe mapema kwa sababu ulezi unanunuliwa sokoni Mbuyuni na msesewa, magome ya kuitia uchungu, siku hizi unatafutwa mbali. Kifo hakiambii mtu mapema. Tukanunua iliyokuwepo, ndoo kwa ndoo, na wazee wakaionja na kunyamaza.

Kilichotuokoa ni jumuiya. Kwa Wakatoliki wa kwetu, jumuiya ndogondogo ndiyo inayojua nani anasali na nani hasali. Kuna familia zimejenga maghorofa lakini hazina mtu jumuiyani, na siku ya msiba watu wanakuja, wanaaga, wanaondoka. Mimi nilikuwa nahudhuria kila wiki tangu nihamie, mwanzoni kwa upweke wangu tu. Wale kina mama kumi na kitu, wengi wajane, ndio waliolala na sisi matanga yote. Kama huwezi kuwepo, angalau michango ya jumuiya na ya kijiji ilipwe kwa jina la mji wenu kila mwaka, na anayeishi pale, hata akiwa mfanyakazi, aende awawakilishe. Wanahesabu. Wana haki ya kuhesabu.

Nyama nayo. Kwetu mnyama wa ukoo akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo, na kumkosesha mtu kipande chake ni ugomvi wa miaka. Sasa mbuzi amechinjwa, wenye vipande wako Tabata, Nairobi na Toronto. Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba aliye hai, alisimama na kisu akawa anaita majina na hakuna anayeitika. Ikaamuliwa kila kipande kipigwe picha kitumwe kwenye kundi, mwenyewe aseme nani amlie. Wengi walisema apewe jirani. Binamu mmoja akaomba chake kiwekwe kwenye friza mpaka Desemba, na kikawekwa.

Baada ya arobaini ikaja mirathi, na hapa nieleze vizuri kwa sababu nimeona familia zikikwama miaka. Mnahitaji cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi. Mnahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi, wenye saini za wote waliohudhuria, na barua ya mtendaji wa kijiji. Kisha mnafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na msimamizi anateuliwa. Msimamizi si mrithi, na hili rudieni kulisema kikaoni mpaka kila mtu alielewe. Watu wanateua kaka mkubwa, yeye anatoka mahakamani akidhani kila kitu ni chake. Kazi ya msimamizi ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe au muda ambao mahakama itaongeza, kisha hesabu, fomu namba 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Wengi hawarudishi. Shauri linabaki wazi, na miaka 15 baadaye mjukuu anapotaka kuuza au kukopa ndipo linapofumuka.

Niliteuliwa mimi, mwanamke, na haikupita kimya. Kwa mila za kwetu binti harithi kihamba. Anatazamiwa aolewe akapate kwa mume. Nilikwenda kikaoni nimejiandaa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, kinachosema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sikuhitaji kuisoma. Baba mdogo alizungumza kabla yangu. Alisema, "Nani anafungua geti hili? Nani alilipa mchango wa mfongo? Nani anajua ng'ombe yule amepandishwa lini?" Akanitazama, akakaa. Sheria ingenipa haki mahakamani. Kikaoni nilipewa kwa sababu nilikuwepo. Nilitaka iandikwe hivyo hivyo, sehemu gani ni yangu, kuanzia wapi mpaka wapi, kwa sababu maneno ya baba mdogo yataondoka naye. Kaka yangu wa pili bado ananisalimia kwa mkato. Inaniuma, na sijui dawa yake.

Kupima mipaka ndiko kulikochekesha na kuhuzunisha pamoja. Kwetu mpaka ni masale, mimea inayopandwa kuonyesha mwisho wa shamba. Kaka zangu walikuwa wawili pale, mmoja anasema masale yalikuwa upande huu wa mparachichi, mwingine upande ule, na wote wana picha za utotoni kichwani. Tulisimama muda. Kijana wetu aliyekuwa amebeba kamba akasema kwa adabu, "Samahani, masale niliyapogoa mwezi uliopita. Yako kule chini ya magugu, na mawili yalikufa, nikapanda mengine palepale mzee aliponionyesha." Twende, kweli yapo. Baba mdogo akasema ukoo mzima sasa unaongozwa na Mnyaturu. Hakusema kwa ubaya. Ushauri wangu: tembeeni mipaka na mzee akiwa anaweza kutembea, mpige picha kila sale, na mkiweza muombe hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Jirani yenu naye hayupo. Watoto wake watakuja siku moja na kumbukumbu zao.

Kuna kitu kinanikera nikisikia wageni na wasomi wakisifia vihamba. Shimbwe Juu, jirani zetu, mfumo wao wa kihamba ulitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, na nafurahi. Migomba, mikahawa chini yake, magimbi, miti ya kivuli, ng'ombe ndani, samadi inarudi shambani: ni akili kubwa. Lakini kila kitu humo kinataka mtu. Mfongo usipozibuliwa msimu mmoja unaziba kwa majani, maji yanakata njia nyingine, na kihamba cha chini kinakauka. Kwetu zamani zamu ya maji iligawanywa kwa miji, na kila mji ulitoa mwanaume siku ya kazi. Siku hizi miji mingi inatoa pesa, na pesa haishiki jembe. Mfongo wetu mmoja umeshaachwa. Watu wamevuta bomba. Uamuzi wangu mwenyewe ulikuwa kung'oa nusu ya mikahawa ya baba, ile mizee kabisa, nikapanda miche ya kisasa kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu, inayovumilia chulebuni na kutu. Nililia nikiing'oa. Gharama ya kunyunyiza dawa ile ya zamani ningeitoa wapi?

Na wale vijana waliobaki mlimani tuwaheshimu. Watu wa Desemba wanawatazama kama walioshindwa maisha. Lakini ndio wanaobeba wagonjwa usiku kwa pikipiki, ndio wanaojua njia za makaburi yetu. Ukimwita mmoja wao "kijana wa kijiweni" mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa nne mama yako akianguka bafuni ndiye utakayempigia.

Sasa kijana wetu. Alileta mke, msichana wa Kondoa, wakapata mtoto, na akaja kwangu kuomba kona ya kujenga. Baba alikuwa amemwahidi kwa mdomo. Familia ikagawanyika. Mmoja akasema ni wizi wa taratibu. Mwingine, wa Canada, akasema apewe kabisa, amefanya kazi ya mtoto. Mimi nilikuwa na hofu zote mbili kifuani. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na nimeshuhudia kwingine mlinzi akiwashinda wenye mji kwa sababu hakuna aliyeandika chochote. Nimeshuhudia pia kinyume chake, mtu aliyezika mzee wa watu kwa mikono yake akifukuzwa na wajukuu waliokuja na suruali fupi kupiga picha za mlima.

Baba mdogo akatukumbusha kwamba jambo lenyewe si geni. Enzi za mangi, yaani chifu, mtu wa kuja aliomba kihamba kwa kumpelekea upata, zawadi ya kuombea ardhi, akapewa, wakamjua. Koo kadhaa tunazoziita za kwetu zilianza hivyo. Tukakubaliana hivi: anajenga nyumba ya mbao upande wa chini, nyumba ni yake, ardhi inabaki ya ukoo, migomba anayopanda anavuna, mkataba ni wa miaka mitano unaoweza kuongezwa, na mshahara wake unaendelea kama kawaida. Tuliandika nakala tatu, tukasaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kama una mfanyakazi kwenye kihamba cha wazazi, usingoje mpaka aombe. Andika kabla hajajenga banda la kuku, maana huanza na banda la kuku.

Wazee wakataka na mbege, kwa utaratibu. Yule msichana wa Kondoa akaenda kwa bibi wa mbege akafundishwa, akapika mwenyewe. Waliinywa wakasema ameweka msesewa mwingi. Lakini ndoo ilirudi tupu, na bibi sasa anamtuma Mbuyuni kumnunulia ulezi.

Kikao kijacho ni wiki ya baada ya Pasaka. Ajenda ya kwanza ni mtoto wa kaka mkubwa, ambaye baba yake amefariki na sehemu yake imefika kwake. Kazaliwa Dar, kakulia Dar, na amepata mtu wa mjini anayetaka kuinunua ajenge nyumba ya wageni wa watalii. Kwa utaratibu wa kwetu ndugu wanapewa nafasi ya kununua kwanza, naye ameikubali, tena kwa heshima: "Shangazi, nawapa mpaka mwezi wa sita." Bei aliyoitaja hakuna kati yetu mwenye nayo. Nimemwomba aje alale kwetu wiki moja kabla ya kikao, na kijana wetu wa Singida amekubali kumtembeza mipaka.